"Chora Chochote" Si Zoezi: Dhana Potofu za Chalenji ya Kila Wiki

Marafiki watano wameamua kufanya chalenji ya dizaini kila wiki. Vizuri. Kundi la WhatsApp limefunguliwa, na ujumbe wa kwanza huwa ni uleule: "Wiki hii mada ni Upendo, kila mtu achore anavyojisikia, tusibanane." Jumapili usiku kazi zinaingia. Moyo umeshikwa kwa viganja viwili. Vivuli vya mume na mke, nyuma yao mnazi na jua linazama. Maandishi ya mwandiko wenye mikia, rangi ya chungwa inayofifia kuwa zambarau. Wiki inayofuata mada ni Amani, na kazi zilezile zinarudi, safari hii njiwa wamekalia nafasi ya mioyo. Ukifika mwezi wa tatu mtu anakuja kuuliza, kwa masikitiko kabisa, mbona anafanya mazoezi kila wiki na haoni tofauti.

Haoni tofauti kwa sababu hajafanya zoezi hata moja.

Dhana: Masharti yanaua ubunifu

Hii ndiyo inayochosha kuliko zote, na anayeisema huwa anaisema kwa kujiamini sana. Tuelewane kwanza kwenye maneno. Mada inakuambia uzungumzie nini. Zoezi linakuambia mkono na jicho lako vijifunze nini wiki hii. "Upendo" ni mada. "Panga maneno sita yasomeke kutoka hatua tatu, kwa fonti moja na rangi mbili" ni zoezi. Ukipewa uhuru wote na saa chache za jioni, mkono unakimbilia njia unayoijua: fonti ileile, kila kitu katikati, kivuli nyuma ya maandishi ili "yatokeze". Sharti kazi yake ni kuiziba njia hiyo ili utafute nyingine.

Angalia Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alikuwa na rangi za baiskeli na vibao vya mraba vya takriban sm 60 kwa 60. Rangi ile inang'aa, haichanganyiki kirahisi kama ya mafuta, na kibao kikiwa mraba mnyama lazima ajikunje aenee. Mistari ile iliyozunguka na rangi zile zisizochanganywa hazikutoka kwenye "jisikie huru".

Au chukua kanga. Pindo pande zote nne, mji katikati, jina (yaani msemo wake) ndani ya mji upande wa chini. Umbo hilo lina zaidi ya miaka mia, na hakuna siku umeingia duka la Kariakoo ukaambiwa miundo imekwisha.

Ndiyo maana zoezi ninalompa kila anayelalamika kuhusu masharti ni kanga, na nitalieleza lote, maana watu hudhani ni kupamba maua tu.

Kanga halisi ni takriban sm 150 kwa 110. Karatasi ya A4 ukiilaza ni sm 29.7 kwa 21, yaani karibu sawasawa na kanga iliyopunguzwa mara tano. Masharti: rangi tatu, ukihesabu na ya kitambaa. Pindo la sm 3. Jina lisizidi maneno sita, herufi kubwa tupu. Hakuna picha ya kamera, hakuna rangi inayofifia. Saa tatu, kisha unaacha hata kama hujaridhika. Rangi tatu hazikuwekwa kwa roho mbaya: kiwandani kila rangi ina skrini yake (wavu wa kupitishia rangi), kwa hiyo ukiongeza rangi umeongeza gharama, na dizaina asiyejua hilo atamtia hasara mteja wake wa kwanza wa fulana.

Anza na penseli. Chora vijichoro 12 vya ukubwa wa kiberiti, dakika tatu kila kimoja. Vinne vya mwanzo vitakuwa korosho, maua, kuku na kitu ulichokiona kwenye kanga ya mama yako. Viache. Mambo yanaanza kuanzia cha tano, pale ulivyovizoea vinapokuishia.

Tatizo la kwanza litakukuta kwenye kona. Ukianza kupanga maua ya pindo kutoka kushoto kwenda kulia, kona ya mwisho inakupa ua limekatwa nusu. Wengi hulifunika kwa ua kubwa zaidi, na jicho linaona. Piga hesabu kabla hujachora. Tenga kwanza kona nne za sm 3 kwa 3, kila moja iwe na mchoro wake. Upande mfupi unabaki na sm 15, maua matano ya sm 3 yanaingia bila kubaki kitu. Upande mrefu unabaki na sm 23.7. Ukigawa kwa 3 unapata 7.9, na hapo ndipo watu wanapokwama. Bana kila ua liwe sm 2.96, unapata manane kamili, na hakuna binadamu atakayegundua tofauti ya nusu milimita. Somo hilo moja, la kugawa nafasi kabla ya kupamba, utalitumia kwenye kalenda, menyu, cheti na kila jedwali utakalopewa maishani.

Tatizo la pili ni jina. Tuseme umechagua HABA NA HABA HUJAZA KIBABA. Hesabu herufi 22 na nafasi nne, jumla 26. Upana wa mji ni sm 23.7, acha sm 2 kila upande ubaki na 19.7. Herufi kubwa ya kawaida yenye urefu wa mm 8, pamoja na pengo lake, hula karibu mm 7, kwa hiyo sentensi nzima inakula karibu sm 18.2. Inaenea. Ukitaka mm 10 haienei, na ukiibana kwa kuzivuta herufi ziwe nyembamba umeharibu fonti. Chagua: herufi ndogo kidogo, au mistari miwili. Asiyepiga hesabu hii huandika HABA NA HABA kwa raha zake kisha KIBABA inapanda juu ya maua.

Halafu kuna pengo kati ya herufi na herufi. Kiswahili kimejaa A, na A ikikaa pembeni ya W au Y inaacha uwazi kama mlango. Andika WAWILI au KAWAIDA kwa herufi kubwa uone: neno linataka kugawanyika. Programu itajitahidi, lakini fonti nyingi za bure hazikurekebishwa vizuri, kwa hiyo zisogeze kwa mkono. Igeuze kazi juu chini ukiwa unasogeza, ili uache kusoma neno uanze kuona mapengo.

La tatu ni rangi. Igeuze kazi iwe ya kijivu kabla hujaituma. Nyekundu iliyoiva na kijani cha jani, zikigeuzwa, mara nyingi zinakuwa kijivu kilekile, na jina lako limepotea. Kwa kipimo cha utofauti wa mwanga kinachotumika kwenye tovuti, maandishi ya kawaida yanatakiwa yafike angalau 4.5 kwa 1. Njano tupu juu ya nyeupe ni 1.07. Nyekundu tupu juu ya buluu tupu ni karibu 2.15, na macho yanauma juu yake. Nyeusi juu ya njano inapita 19. Usiniambie "mimi napenda hivyo". Kupenda kwako hakumsaidii mtu aliyesimama mita nne kutoka kwenye bango.

Sasa niambie, ubunifu umeuawa wapi hapo? Marafiki watano wakilifanya zoezi hili, kanga tano zinatoka tofauti kabisa, na kwa mara ya kwanza mnaweza kuzilinganisha, maana wote mlikuwa na tatizo lilelile. Kwenye "Upendo" hakuna cha kulinganisha. Mtabaki kusema nani amechora moyo mzuri zaidi.

Wasiopenda kanga wafanye kadi ya mchango wa harusi: fonti moja, saizi mbili tu, rangi moja. Majina, tarehe, ukumbi, kiasi, namba ya simu. Makosa yake yanajulikana. Majina ya maharusi yamejaa nusu ya kadi kwa mwandiko usiosomeka, na namba ya kupokelea pesa imefinyangwa chini kama maelezo ya dawa. Namba isiwe chini ya pointi 12, na igawanywe tarakimu nne, tatu, tatu. Mpe mtu mzima aisome bila miwani akiwa amenyoosha mkono. Akiuliza "hii ni sita au nane?", rudi mezani.

Dhana: Kila wiki lazima kazi mpya

Nani alisema? Wiki ya kwanza kanga. Wiki ya pili kanga ileile, rangi mbili. Wiki ya tatu badilisha jina, weka refu linalohitaji mistari miwili. Wiki ya nne chukua zoezi jingine, ya tano urudie kazi yako mbovu kuliko zote. Mpishi hajifunzi pilau kwa kupika pilau leo, biriani kesho na chapati keshokutwa. Kazi 12 mpya kwa miezi mitatu zinakupa makosa yaleyale mara 12. Na usizimwage zote kwenye mkusanyo wa kuonyesha wateja: chagua tatu zilizorudiwa, weka na vijichoro vyake vya penseli, ili mtu aone ulivyofikiri.

Dhana: Kama si kila siku, hakuna faida

Inktober, ile chalenji ya wino ya mwezi wa kumi aliyoianzisha Jake Parker mwaka 2009, inajulikana kwa michoro 31 ya siku 31. Hata hiyo maelezo yake yaliruhusu mtu achore siku moja na kuruka moja, au mara moja kwa wiki. Mtu wa kazi na familia akiahidi kila siku, siku ya tisa ameshaacha. Kwa dizaini wiki ni bora zaidi, kwa sababu unahitaji usiku mmoja wa kuiacha kazi ilale. Chora Alhamisi, usiiangalie Ijumaa, rekebisha Jumamosi.

Dhana: "Moto sana!" ni maoni

Ni salamu. Vivyo hivyo na zile alama za moto na makofi. Kila mtazamaji ajibu mambo matatu: jicho langu liliangukia wapi kwanza, ni wapi nilichelewa kuelewa, ningeondoa nini. Haruhusiwi kusema "ningeongeza", kwa sababu wanaoanza wana tatizo la kuongeza. Mwenye kazi anakaa kimya dakika tano. Huu ukimya ndio mgumu, kila mtu anataka kueleza alichokusudia, lakini bango ukutani halina mwenyewe pembeni wa kulieleza.

Hapa ndipo ukubwa wa kundi unapoingia. Watu watano, dakika sita kila kazi, nusu saa mmemaliza. Watu 20 ni saa mbili, na baada ya kazi ya saba kila mtu anaandika "safi". Wanne hadi sita wanatosha. Rafiki wa saba aanzishe kundi lake.

Dhana: Bila laptopu nzuri unapoteza muda

Zoezi la kanga hapo juu linahitaji A4, penseli, rula na kalamu mbili za rangi. Ukitaka kompyuta, Inkscape na Krita ni programu za kuchora za bure.

Dhana: Kunakili ni wizi

Kunakili ukaonyesha kama yako, ndiyo, ni wizi. Kunakili ili ujifunze ni shule. Chukua pakiti ya majani ya chai, pima kwa rula: nafasi ya pembeni, urefu wa jina, urefu wa maneno madogo, uwiano kati yake. Andika vipimo. Ifiche pakiti, ichore upya kutoka kwenye vipimo, kisha zilinganishe. Usipopima, utanakili mapambo na kuuacha mpangilio, na mpangilio ndio uliokuwa unautafuta.

Mwisho ni jambo dogo linalozua ugomvi kila Jumapili, mtu akilalamika kuwa wenzake wanaponda mistari yake "yenye ukungu". Ukituma kazi kama picha ya kawaida WhatsApp, inabanwa, na vitu vidogo ndivyo vinavyokufa kwanza. A4 ya kuchapisha kwa 300 dpi (nukta 300 kwa kila inchi) ni pikseli 2480 kwa 3508. Itume kama dokumenti. Kama umechora kwa mkono, ipige picha karibu na dirisha asubuhi, simu ikiwa sambamba na karatasi, bila flashi, na kivuli cha kichwa chako kisiwe juu ya mji.