Volontia, viazi karai na uongo tunaowaambia wageni

Mavolontia wakifika tu Mombasa utaskia mwenyeji anawaonya, msile kitu cha barabarani, hotelini ndio salama. Hapo ndio watu wengi hukosea. Viazi karai vikitolewa kwa mafuta ukavila saa hiyo hiyo vinakuunguza ulimi, kidudu gani kitabaki? Mafuta ya kukaangia hupita digrii 160 bana. Sasa angalia ile bafe ya hoteli, wali umekaa pale tangu saa sita, moto wa chini ushazima, na chakula kikikaa masaa chini ya digrii 60 bakteria wanazaana na kwa macho hutajua. Wali ndio hatari zaidi, kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi ukipika, wali ukilala nje zinaamka na kutoa sumu, na ile sumu ya kutapisha hata upashe moto mara ngapi haitoki. Kwa hivyo biriani iliyolala mezani usiku kucha, hata iwe ya harusi, mimi mgeni simpi.

Sisemi kibanda hakina makosa. Makosa yako pembeni: kachumbari iliyokatwa asubuhi, chatini ya ukwaju iliyozimuliwa na maji ya mtungi, sahani zinasuuzwa ndoo moja jioni nzima. Mitaa mingi maji yanaletwa na mkokoteni, yametoka kisima gani hujui. Mwambie ale viazi aache chatini, roho itamuuma lakini ndio hivyo.

Halafu kuna hii ya pilipili na ndimu, ati muhogo wa kuchoma wa Lighthouse, pale ufuoni Mombasa, ukishapakwa basi vidudu vimekwisha. Wapi! Kukamua ndimu sekunde mbili hakusafishi kitu, na pilipili kwa tumbo lisilozoea inatosha peke yake kumkimbiza mtu chooni. Muhogo wenyewe ukitoka kwa makaa hauna neno. Barafu nayo haiui, inawalaza tu vidudu, ikiyeyuka kwa juisi wanaamka. Dafu likatwe mbele yako, unywe.

Samaki: wanasema akiiva sana hana shida. Jodari aliyekaa juani anatengeneza histamini, kemikali inayoleta dalili kama za aleji, na hiyo haiondoki kwa kupikwa. Mgeni anakula, kabla hata saa moja kupita uso umekuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, watu wanasema ana aleji ya samaki, kumbe samaki hakuwekwa kwa barafu toka aliposhuka ngalawani.

Ya mwisho inaniudhi kweli. Mtu akiharisha tu, mwenyeji ashafika kemisti, nipe Flagyl. Tumbo la wasafiri mara nyingi huletwa na bakteria anaitwa E. coli, na Flagyl haimgusi, kazi ya dawa hiyo ni amiba na jiadia, vidudu vingine vya tumbo, na wenzao wachache. Mara nyingi linaisha lenyewe ndani ya siku chache, kinachotakikana ni maji: ORS ya pakiti, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwa maji, au kama hakuna, lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko viwe vya kusawazishwa sio vya kujaza mlima. Anywe kidogo kidogo na aendelee kula. Akiona damu, homa kali, au choo kinatoka kama maji ya mchele, hospitali siku hiyo hiyo, na akiwa na damu au homa msimpe zile tembe za kufunga tumbo, zitawafungia vidudu ndani.