Haidroponiki ni nini? Na nanaa ya kwenye glasi je?

Haidroponiki ni kuotesha mimea bila udongo, mizizi ikapata chakula chake kwenye maji yaliyotiwa madini kwa vipimo. La kushika hapo ni hayo madini. Wengi wakisikia habari hii hudhani ni mimea inayoishi kwa maji matupu, na wakijaribu hivyo nyumbani huishia kulaumu mbegu.

Choroko ulizoziloweka zikachipua kwenye sahani si haidroponiki. Mche mchanga unakula akiba iliyomo ndani ya mbegu yenyewe, na akiba ikisha, mche nao unadhoofika. Kikonyo cha nanaa kutoka soko la Darajani ukikitia kwenye glasi ya maji kitatoa mizizi na kuchangamka kwa muda, halafu majani ya chini yataanza umanjano. Maji kinayo, ila kimekosa naitrojeni, kwa hiyo kinaihamisha iliyomo kwenye majani makongwe kulisha machanga. Hata mwani wa Paje na Jambiani, unaolimwa kibiashara Unguja tangu 1989, haumo humu: hauna mizizi, hufyonza kwa mwili wake wote, na anayeulisha ni bahari.

Sasa, udongo unaondoleka vipi? Kwa sababu mmea hauli udongo. Mimea inahitaji elementi 17. Tatu, yaani kaboni, hidrojeni na oksijeni, inazipata hewani na kwenye maji. Nyengine 14 hupita mizizini zikiwa zimeyeyuka: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na salfa kwa wingi, kisha chuma, zinki, boroni na wenzao kwa uchache mno. Hata kwenye shamba la kinongo, udongo ule wenye rutuba, mzizi hunywa kile tu kilichoyeyuka. Udongo ni ghala na ni nguzo. Ukiweza kuupatia mmea ghala jengine na nguzo nyengine, kazi ya udongo imekwisha.

Haya hayakujulikana siku moja. Mwaka 1699 Mwingereza John Woodward aliotesha nanaa kwenye maji ya mvua, maji ya mto Thames na maji yaliyokorogwa udongo, akaona kadiri maji yalivyokuwa machafu ndivyo nanaa ilivyokua zaidi. Miaka ya 1860 Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop wakaacha kukisia, wakachanganya wenyewe chumvi za madini na mimea ikakua. William Gericke wa Chuo Kikuu cha California akautoa ujuzi huo maabara miaka ya 1930, akalima tungule. Muda si mrefu mboga zikawa zinaoteshwa hivyo katika kisiwa cha Wake, huko Pasifiki, kulisha abiria wa ndege za Pan American waliotua pale. Wake ni kisiwa cha matumbawe. Mtu wa Makunduchi au Micheweni, anayejua kutafuta kiganja cha udongo baina ya mawe, hahitaji kuelezwa kwa nini.

Kwa jaribio la nyumbani, njia nyepesi ni ile iliyoelezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Haina pampu, kwa hiyo umeme ukikatika hakuna kinachoharibika. Chukua ndoo isiyopitisha mwanga, toboa kifuniko, tumbukiza kikombe chenye matundu kilichojazwa makumbi yaliyochambuliwa, panda mche humo. (Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kamba yana chumvi, yasuuze mara kadhaa.) Maji yenye madini yaguse chini ya kikombe tu. Mmea unakunywa, maji yanashuka, na juu yake panabaki nafasi ya hewa yenye unyevu. Mizizi inayoning'inia hapo inapumua, ya chini inakunywa. Mwenye huruma nyingi akija akaijaza ndoo tena mpaka juu, mizizi inayopumua inazama na mmea unaweza kufa maji. Ukiongeza, ongeza kidogo, nafasi ile ibaki.

Kwenye madini ndiko watu wanakoteleza. Yurea peke yake haitoshi, kwani ina naitrojeni tu, nayo inategemea vijidudu vya udongoni kuigeuza. NPK ya dukani, yaani mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu, mara nyingi haina kalsiamu. Mbolea ya haidroponiki huuzwa mafungu mawili kwa sababu maalumu: kalsiamu ikikutana na fosfeti au salfeti (chumvi za fosforasi na salfa) kabla ya kuzimuliwa, hugandana na kutuama chini mfano wa chokaa, na mmea haupati kitu. Fungu la kwanza likoroge ndani ya maji mengi, ndipo utie la pili.

Maji yenyewe yana neno. Visima vyetu vingi hapa Zanzibar vimo ndani ya mawe ya chokaa, na vya karibu na pwani huingiwa na chumvi. Maji ya chokaa huwa na pH, yaani kipimo cha uchachu (ikishuka, uchachu huzidi), juu ya 7, ilhali haidroponiki inataka baina ya 5.5 na 6.5. pH ikipanda, chuma hakifyonzeki tena: majani machanga yanakuwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Ndimu huishusha pH kwa siku chache tu. Maji ya mvua yaliyokingwa wakati wa masika ni bora kuliko yote, na hayana bei.

Ndani ya nyumba, adui mkubwa ni kiza. Jua la adhuhuri hufika lux (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi. Chumba chenye taa ya kawaida mara nyingi hakifiki 500. Nyumba za Mji Mkongwe, kwa kuta zile nene, ni baridi kwa watu na njaa kwa mimea. Roshani au dirisha linalopigwa na jua la asubuhi linafaa, la sivyo ni taa ya LED karibu na majani kwa saa 14 hivi kila siku. Joto nalo: maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.5, na mizizi iliyokosa hewa huoza. Ndiyo maana ningeanza wakati wa kipupwe, tena kwa mchicha, rihani au nanaa. Letasi wakati wa joto hukimbilia maua na kuwa chungu.

Ziba kila upenyo wa kifuniko, maana mbu wa dengi hutaga kwenye vyombo kama hivi. Na maji yaliyobaki baada ya kuvuna mwagia mpapai au mgomba, mbali na kisima: yana naitreti, chumvi ya naitrojeni, na mawe yetu ya matumbawe huyapitisha upesi hadi kwenye maji tunayokunywa.