Château Gaillard haikuangushwa na choo

Mgeni hajafika hata langoni ameshauliza: "Choo chenyewe kiko wapi?" Eti askari mmoja wa Mfalme Philippe Auguste wa Ufaransa alipenya kwenye tundu la choo, na ngome kubwa kuliko zote juu ya mto Seine ikasalimu amri siku ileile. Jamani, kuzingirwa kulianza 1203 na kukaisha tarehe 6 Machi 1204!

Ngome hii ya Normandy, Ufaransa, ina nyua zilizofuatana, na katikati ya nyua kuna mahandaki yaliyochongwa kwenye mwamba wa chokaa. Ua wa nje uliangushwa na wachimbaji. Walikula msingi wa mnara kutoka chini huku wakiuegemeza kwa magogo, kisha wakayatia moto; magogo yalipoungua, mnara ukaporomoka. Hapo ndipo inapoingia habari ya choo, ambayo wengine huisimulia kuwa ni dirisha la kanisa alilojenga Mfalme John wa Uingereza, aliyekuwa akiishikilia ngome. Liwe tundu lipi, lilifungua ua wa kati tu.

Ua wa ndani ulikuwa bado. Ukuta wake una migongo ya mviringo iliyobanana, ili jiwe likiupiga lisipate uso bapa. Kilichouponza ni daraja: kipande cha mwamba kilichoachwa bila kukatwa juu ya handaki. Wachimbaji walijibanza chini yake, mawe ya walinzi yasiwapate. Walinzi nao wakachimba kutoka ndani kuwakabili, na shimo lao likazidi kuulegeza ukuta uleule waliokuwa wakiulinda. Mtambo wa kurushia mawe ukamalizia. Roger de Lacy, kamanda wa walinzi, na watu wake walikamatwa kabla ya kujifungia kwenye mnara mkuu. Kwa hiyo, ukifika, achana na choo. Tazama handaki lililo mbele ya lango la ua wa ndani.

Wageni huja na madai mengine pia. "Ilijengwa kwa mwaka mmoja." Hapana. Mfalme Richard I wa Uingereza alianza 1196, kazi ikaisha 1198.

"Kiwanja kilikuwa cha Richard." Kilikuwa cha Askofu Mkuu wa Rouen, Walter de Coutances, aliyesimamisha ibada Normandy nzima mpaka alipofidiwa kwa ardhi nyingine, ukiwemo mji wa Dieppe.

"Magofu ni ya vita vya 1204." Ngome ilitengenezwa na ikatumika; 1419 Waingereza waliitwaa baada ya kuizingira. Aliyeamuru ibomolewe ni Mfalme Henri IV wa Ufaransa, 1599, na watawa wa jirani wakabeba mawe kwenda kukarabati majengo yao.