Pesa ya kumnunua kiungo haiingii mfukoni mwake

Kuna ujumbe usioisha kwenye magrupu: kiungo fulani wa soka (mchezaji wa katikati ya uwanja) kauzwa kwa mamilioni, basi zote kakabidhiwa yeye, na kijijini kwao bado hakuna hata kisima. Hesabu hiyo si sahihi.

Ada ya uhamisho hulipwa na klabu inayonunua kwa klabu inayouza, mara nyingi kwa awamu. Mchezaji hulipwa mshahara, bonasi na pesa ya kusaini, kadiri mkataba wake mpya unavyosema. Tena uhamisho ukivuka mpaka kabla mkataba kuisha, 5% ya ada hukatwa kwa ajili ya klabu zilizomlea: 0.25% kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, na 0.5% kwa kila msimu wa miaka 16 hadi 23. Kwa ada ya shilingi milioni 500, akademi iliyokaa naye misimu ile minne ya mwanzo inastahili milioni 5.

Kinachochanganya ni neno lenyewe. Huku kwetu "dau la usajili" hutajwa kwa ada ya klabu na kwa pesa ya kusaini pia. Na mchezaji huru, aliyemaliza mkataba, hana ada ya uhamisho, hivyo pesa yake ya kusaini huwa nono.

Ukitaka kuhakiki, fungua hesabu za mwaka za klabu zinazochapishwa: mishahara ina mstari wake, ununuzi wa wachezaji una wake. Ujumbe ule ukikufikia tena, usiusambaze.