Krediti za Masomo ya Masafa Kwenye Vyuo vya Jamii vya Marekani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wengi wetu tunaofika Marekani tunakuja na masomo ya chuo yaliyokatikia njiani. Mmoja alisoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania huku yuko kazini. Mwingine alianza shahada ya mtandaoni hapahapa Marekani, ada ikamshinda. Wakitaka kuendelea, mlango wenye unafuu ni chuo cha jamii (community college), yaani chuo cha umma cha masomo ya miaka miwili. Kwa takwimu za College Board za mwaka wa masomo 2024–25, mkazi wa eneo la chuo alitozwa wastani wa dola 4,050 kwa mwaka, wakati chuo kikuu cha umma kilimtoza mkazi wa jimbo dola 11,610.

Lakini maneno ya mtaani kuhusu krediti za zamani, yaani vipimo vya masomo uliyokwisha kufaulu, yanatuponza. Kuna wanaoanza upya bila sababu, na kuna wanaolipia krediti zisizowafikisha popote. Na pesa hiyo, tunajua, imetoka kwenye zamu za usiku.

"Masomo ya mtandaoni hayahamishiki."

Hii imewavunja moyo wengi, na si kweli. Chuo kinachokupokea huangalia kwanza chuo ulichotoka kina ithibati (kibali cha ubora) ya nani, kisha kozi ilifundisha nini, kisha alama yako. Mara nyingi hutakiwa C kwenda juu. Transkripti nyingi, yaani rekodi rasmi za kozi na alama, hata hazionyeshi kwamba kozi ilisomwa mtandaoni.

Kinachokwamisha ni ithibati. Kabla hujalipa hata senti, tafuta jina la chuo kwenye hifadhidata ya Wizara ya Elimu ya Marekani iitwayo DAPIP. Tangu mwaka 2020 Wizara haiyatenganishi tena mashirika ya ithibati kuwa ya kikanda na ya kitaifa, ila kila chuo kina uhuru wa kujiamulia, na vipo ambavyo bado vinasita kupokea krediti kutoka vyuo vilivyokuwa upande wa kitaifa. Cheti cha kozi fupi ya mtandaoni ni jambo jingine kabisa: hicho peke yake si krediti.

"Nina krediti 120 za Tanzania, na diploma ya miaka miwili ya huku inataka 60 tu. Nimeshavuka."

Hapa watu wanaumia kwa sababu hesabu inaonekana rahisi. Kwa utaratibu wa TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima wa masomo ni krediti 120. Marekani, krediti moja ya muhula ni saa moja darasani na saa mbili za kujisomea kila wiki, kwa wiki 15 hivi. Hizo ni kama saa 45, na mwaka mzima hutoa krediti 30. Kwa hiyo zile 120 ni kazi ya mwaka mmoja, na ukibahatika zote kupokelewa, zitakuwa karibu 30. Si haba, ni nusu ya safari. Hata anayehamia kutoka chuo cha Marekani chenye mihula mifupi ya robo mwaka hukatwa: krediti 90 za huko ni sawa na 60 za muhula wa kawaida.

Transkripti ya nje kwa kawaida hupitia kwanza kwa wakala wa tathmini, na vyuo vingi vinataka awe mwanachama wa NACES, chama cha mawakala hao, kama WES au ECE. Wana tathmini za aina mbili. Ile ya bei nafuu inasema tu elimu yako inalingana na kiwango gani cha Marekani. Unayoihitaji ni ile inayochambua kozi moja moja, na inagharimu zaidi. Uliza chuo kwanza kinakubali wakala gani, ndipo ulipe.

"Krediti zikishakubaliwa, kazi imekwisha."

Hili ndilo ningependa kila mtu alielewe kabla ya kujisajili. Chukua ile ripoti ya tathmini ambayo chuo kinakupa, isome mstari kwa mstari. Kushoto utaona kozi uliyosoma, kulia kozi ya chuo inayolingana nayo. Pale penye namba kamili ya kozi ya chuo, umesalimika. Pale palipoandikwa ELEC, au penye namba isiyo ya kozi yoyote, wamekupa krediti ya hiari: imepokelewa, imeingia kwenye rekodi, lakini huenda isijaze sharti lolote la programu yako. Mtu anaweza kufurahia krediti 45, kumbe zinazomsaidia ni 18.

Uuguzi ndiko watu wetu wengi wanakoelekea, na huko masharti ni makali zaidi. Programu nyingi hutaka Anatomia na Fiziolojia iwe imesomwa ndani ya miaka mitano au saba iliyopita. Baadhi hazikubali maabara iliyofanyikia nyumbani kwa vifaa vya kutumiwa kwa posta, hata kama chuo chenyewe kimeipokea krediti hiyo. Swali hili mpelekee mshauri wa programu ya uuguzi mwenyewe. Ofisi ya usajili haiwezi kukujibia.

Tena vyuo hutaka sehemu ya krediti, mara nyingi robo, isomwe kwao. Huwezi kuleta zote 60 ukaondoka na cheti.

"Hata zisizofaa, zihamishe tu, hazina hasara."

Zinaweza kuwa na hasara kwa anayetegemea Pell Grant (msaada wa masomo wa serikali usiorudishwa) na mikopo ya serikali. Sheria inataka umalize programu ndani ya asilimia 150 ya urefu wake, yaani krediti 90 kwa programu ya krediti 60. Vyuo vingine huhesabu kila krediti iliyopokelewa, vingine zile tu zinazoingia kwenye programu. Mrudie yule mwenye 45 ambazo zinazofaa ni 18, kwenye chuo kinachohesabu zote: amebakiza 42 za kusoma, jumla inafika 87. Akifeli kozi moja tu ya krediti tatu akairudia, amegusa 90. Uliza ofisi ya misaada ya fedha wanahesabuje.

"Chuo cha jamii kikikubali, chuo kikuu nacho kitakubali."

Si lazima. Chuo kikuu kitadai transkripti ya kwanza kabisa na kuipima upya. Majimbo mengine yamerahisisha: Florida inatumia namba moja za kozi kwa vyuo vyote vya umma, na Texas ina masomo ya msingi ya krediti 42 yanayohama yakiwa pamoja. Jua unakoelekea kabla ya kuchagua kozi.

Na GPA, yaani wastani wa alama, ya zamani? Kwa kawaida haihami. Krediti zinaingia, wastani unaanza upya, jambo ambalo ni nafuu kwa aliyeteleza.

Ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa wana njia nyingine ambayo hawaambiwi: mtihani wa CLEP wa Kifaransa. Ukifaulu, vyuo vingi hukupa krediti za lugha bila kukaa darasani hata siku moja.

"Wakikataa, wamekataa."

Uamuzi wa kwanza huenda ulifanywa na karani aliyesoma jina la kozi tu. Unaweza kukata rufaa. Andikia chuo chako cha zamani upate muhtasari wa kozi: mada za kila wiki, vitabu, saa, namna ya kutahini. Kama umeandikwa kwa Kiswahili au Kifaransa, utafute mfasiri anayekubalika na chuo. Upeleke kwa mkuu wa idara husika, ukitaja kozi yao unayodai inalingana na yako, na uombe jibu kwa maandishi kabla ya tarehe ya mwisho ya kubadilisha kozi.