Xiao Chai Hu Tang haikutungwa kuwa "dawa ya ini"

Mezani kwangu kuna kiboksi cha dawa ya Kichina alichokileta mwananchi mmoja. Ndani mna vifuko vya chembechembe za rangi ya kahawia, za kukoroga kwenye maji ya moto. Maelezo yote ni ya Kichina. Pembeni muuzaji ameandika kwa kalamu: "INI, 2x3". Hakuna jina la mgonjwa wala la aliyeandika, na hakuna onyo lolote. Maswali kuhusu dawa hii yameongezeka, na karibu wote wanaouliza wameambiwa neno hilo hilo, ini. Ndiyo maana nimeona tuielezee hadharani.

Jina lake ni Xiao Chai Hu Tang. Chai hu ni mzizi, xiao ni ndogo, na tang ni maji yaliyochemshiwa dawa. Inaitwa ndogo kwa sababu ipo nyingine kubwa, Da Chai Hu Tang, inayotumika ugonjwa ukiwa umeshuka tumboni na choo kimefunga. Zote mbili zimo katika Shanghan Lun, kitabu cha tabibu Zhang Zhongjing, kilichoandikwa mwanzoni mwa karne ya 3. Katika dibaji yake anasema ukoo wake ulikuwa na watu zaidi ya 200, na katika muda usiozidi miaka 10 theluthi mbili yao walikufa, wengi wao kwa magonjwa ya homa. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa akiandika kuhusu homa kali zinazoua.

Dawa yenyewe ina vitu 7: chai hu, mzizi wa huang qin, kiazi cha ban xia, jinseng, tangawizi mbichi, kunazi za Kichina 12, na urukususu uliokaangwa. Chai hu ndiyo nyingi kuliko zote, nusu jin kwa kipimo cha enzi zile. Vyote huchemshwa katika maji ya vipimo 12 mpaka yabaki 6, makapi yanachujwa, kisha maji hayo yanarudishwa motoni mpaka yabaki 3. Mgonjwa anakunywa kipimo kimoja kikiwa na uvuguvugu, mara 3 kwa siku. Dawa nyingi za kitabu hicho huchemshwa mara moja tu. Hii hurudishwa motoni, na wanaoijua hawairuki hatua hiyo.

Inatibu nini? Hapo ndipo upotoshaji ulipoanzia. Tabibu wa Kichina anaona homa ikiingia mwilini kwa hatua. Mwanzo iko nje, mgonjwa anasikia baridi na shingo inakaza. Baadaye inazama ndani. Kati ya hatua hizo kuna mahali panapoitwa Shaoyang, ambapo mwili na ugonjwa wanavutana na hakuna aliyeshinda. Dalili zake zimetajwa waziwazi: baridi na joto kupokezana, kifua na mbavu kujaa, kukosa hamu ya kula, moyo kutotulia, kichefuchefu cha mara kwa mara, mdomo kuwa mchungu, koo kukauka na kizunguzungu. Katika hatua hii tabibu haruhusiwi kumtoa mgonjwa jasho, kumtapisha wala kumharisha. Anapatanisha, na Xiao Chai Hu Tang ndiyo dawa mama ya kupatanisha. Neno ini limeingia kwa sababu ya zile mbavu, na kwa sababu baadaye ilitumika sana kwa wagonjwa wa homa ya ini.

Sasa rudia dalili hizo ukiwa Morogoro au Kigoma: baridi, kutetemeka, joto, kutapika, mdomo mchungu. Kwetu hiyo ni malaria mpaka kipimo kikatae. Mwenye dalili hizi akianza kukoroga vifuko kwanza anapoteza siku ambazo mtoto au mjamzito hana za kupoteza. Na tafadhali tusiambiwe tena kwamba "hata dawa mseto imetoka kwa Wachina, kwa hiyo ni ile ile." Artemisinini, kiini cha dawa mseto ya malaria, ilitokana na pakanga, mmea ambao haumo kabisa katika dawa hii. Mwanasayansi wa China Tu Youyou na wenzake waliitenga, wakaijaribu, wakaipima, na mwaka 2015 Tu akapewa Tuzo ya Nobel. Sifa za mmea mmoja haziwezi kuazimwa na kiboksi kingine.

Hoja tunayoisikia kila siku kaunta ni kwamba dawa ya miti haina madhara. Naomba msomaji atulie hapa, kwa sababu dawa hii hii ndiyo yenye jibu. Nchini Japani inaitwa sho-saiko-to, na ilitolewa kwa wagonjwa wengi sana wa homa ya ini sugu, kwa bima ya taifa, viwandani ikitengenezwa kwa viwango vya juu. Hakuna aliyeweza kusema ilikuwa bandia. Kisha ikaonekana baadhi ya watumiaji wanavimba kuta nyembamba za mapafu, zile hewa inazopitia kwenda kwenye damu. Mwaka 1994 ikakatazwa kutumika pamoja na interferoni, dawa ya sindano ya homa ya ini. Machi 1996 serikali ya Japani ikatoa tahadhari ya dharura: tangu Januari 1994 wagonjwa 88 walikuwa wameripotiwa kupata tatizo hilo, na 10 kati yao walifariki. Baadaye katazo likapanuliwa hadi kwa wenye ini lililojaa makovu, wenye saratani ya ini, na wenye homa ya ini sugu ambao chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimeshuka hadi 100,000 au chini kwa milimita ya ujazo.

Someni sehemu hiyo mara mbili. Mwenye ini lililoharibika sana, ambaye ndiye anayeuziwa kiboksi chenye neno INI, ndiye Japani ilimkataza.

Anayeitumia akipata homa, kikohozi kikavu au kubanwa pumzi, aache siku hiyo hiyo na aende hospitali na kiboksi chake. Urukususu nao, ukitumiwa kwa muda mrefu, hushusha potasiamu mwilini na kupandisha presha. Mwenye presha, mgonjwa wa moyo au anayemeza vidonge vya kukojosha amwambie daktari wake, hata kama anaona haya. Ban xia ikiwa mbichi ni sumu. China yenyewe imeiweka katika orodha ya dawa za sumu zinazodhibitiwa, na lazima iandaliwe kwanza, kwa mfano kwa tangawizi na shabu. Iko pia aina ya chai hu yenye majani mapana ambayo mzizi wake una sumu na hairuhusiwi kutumika badala ya ile halali. Mizizi iliyokatwakatwa na kutiwa kwenye mfuko wa nailoni huwezi kuitambua kwa macho, na mimi pia siwezi bila maabara.

Kwa wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou, China: kibali cha kuingiza dawa nchini Tanzania kinaombwa kabla mzigo haujaondoka, pamoja na ankara kifani (proforma), na jina la dawa kwenye ankara lifanane na lililosajiliwa. Dawa isiyosajiliwa kwa kawaida haipewi kibali. Lebo lazima isomeke kwa Kiswahili au Kiingereza. Mzigo ukikamatwa, unahesabiwa mbele ya mwenye nao, hati inaandikwa, anasaini na kubaki na nakala yake, na mzigo unawekewa lakiri. Ukithibitika kuwa haufai unateketezwa kwa gharama ya mwenyewe, na kesi inaweza kwenda mahakamani. Kusema "sikujua" baada ya kusaini hati hakubadilishi kitu. Waganga wa tiba asili na tiba mbadala wanasajiliwa chini ya Sheria Na. 23 ya 2002, na mteja ana haki ya kuomba kuona cheti. Mganga mwenye cheti hakasiriki akiulizwa.

Aliyepata madhara aende kituo cha afya chochote, aombe kujaziwa fomu ya njano. Haitozwi pesa. Itaulizwa tarehe aliyoanza dawa, tarehe dalili zilipoanza, dawa nyingine alizokuwa akitumia na namba ya toleo. Namba hiyo hugongwa kwenye mshono wa kifuko, mara nyingi bila wino, na kuisoma inabidi kukiinamisha kwenye mwanga. Kwa hiyo kifuko kitupu kisitupwe.