Kugeuza Mkupuo Kuwa Mshahara

Wastaafu wengi hunipigia wiki mbili tatu baada ya mkupuo, yaani fungu la mafao linalolipwa mara moja, kuingia benki. Kufikia hapo nyumba imeshapauliwa, kijana ameshanunuliwa bodaboda, na shemeji ameshaahidiwa mtaji. Swali ni lile lile: "Zilizobaki niziweke wapi zizae?" Kabla sijajibu, nami huuliza: pesa unazihitaji mwezi gani?

Mshahara ulikuwa na wema mmoja ambao wengi hatuutambui mpaka ukome: ulijua njia ya kuja wenyewe kila mwezi. Ukistaafu unabaki na pensheni iliyo ndogo kuliko mshahara, pamoja na fungu moja kubwa usilolizoea. Hapa Tanzania, watumishi waliokuwa kwenye mifuko ya pensheni ya PSPF na LAPF walizoea kusikia mkupuo wa asilimia 50 ya mafao. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, cha Julai 2022 kikaushusha hadi 33, na bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi 40 kwa kundi hilo. Mjadala wake ulikuwa mkali na nauelewa kabisa, maana mtu alikuwa ameshapanga maisha kwa nusu ile. Ila hata mwenye nusu alimaliza haraka kama hakuwa na kalenda.

Naam, kalenda. Nilikaa na mwalimu mmoja mstaafu barazani kwake Kihonda, Morogoro. Baada ya shikamoo nikamwomba kalenda ya ukutani na biro. Tukaandika kila kinachotoka. Chakula, luku, maji na dawa za presha vilitoshana na pensheni ya mwezi. Kilichokuwa kinamtesa ni vitu vya msimu: ada ya mjukuu Januari na Julai, kisha vibarua na mbegu za shamba Novemba. Miezi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpeleka kukopa, na mkopo ndio ulikuwa ukiila pensheni miezi inayofuata.

Hapo hatifungani za serikali, ambazo ni mkopo wako kwa serikali, zinafaa kweli. Benki Kuu huziuza kwa mnada, unaanzia shilingi milioni moja kupitia benki yako au dalali, na kuponi, yaani riba yake, hulipwa mara mbili kwa mwaka, kila baada ya miezi sita. Iliyotolewa Januari hulipa Julai na Januari. Ya Mei hulipa Novemba na Mei. Kwa kuponi ya asilimia 15, milioni 20 za Januari zinaleta milioni 1.5 kila ada inapodaiwa, na milioni 10 za Mei zinaleta 750,000 vibarua wakiwa getini. Mwalimu aliitazama kalenda muda mrefu. "Kumbe siyo kiasi tu, mwanangu," akasema, "ni tarehe."

Anayetaka kitu cha kila mwezi namwelekeza Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, wenye mpango wa gawio la mwezi. Pesa ya dharura, angalau matumizi ya miezi sita, naipenda ikae Mfuko wa Ukwasi, maana vipande vyake, yaani sehemu ulizonunua kwenye mfuko, vinauzwa na pesa kurudi ndani ya siku chache.

Sehemu hii ya dharura nilijifunza kwa kumuumiza mtu. Miaka yangu ya mwanzo nilimshauri mzee mmoja aweke karibu zote kwenye hatifungani ya miaka 25, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na kuponi kubwa. Akaja kuhitaji upasuaji. Tukalazimika kuuza kwenye soko la upili, ambako wawekezaji huuziana wenyewe, wakati riba za matoleo mapya zimepanda, na hakuna mnunuzi atakayelipa bei kamili kwa karatasi yenye kuponi ndogo kuliko mpya. Alipoteza pesa ambayo isingepotea kama ningemtengea akiba kwanza. Upande wa pili upo pia: Aprili 2022 kuponi ya miaka 25 kwa matoleo mapya ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, na waliokuwa wameshika za zamani wakaendelea kulipwa 15.95 yao kama kawaida. Ukinunua, umefunga riba yako. Bei ndiyo inayopanda na kushuka.

Na ukinunua ya miaka 25 ukiwa na 60, mtaji unarudi ukiwa na 85. Si vibaya, lakini wanao wajue ipo na karatasi ziko wapi. Nimeona familia ikihangaika mahakamani na mirathi ya akaunti ambayo hakuna aliyejua kuwa ipo.

Jambo ambalo watu hawapendi kulisikia ni kwamba kuponi haikui. Gawanya 72 kwa mfumuko wa bei: ukiwa asilimia 4 kwa mwaka, ndani ya miaka 18 bei zinakuwa maradufu, na 750,000 yako inanunua kile kinachonunuliwa leo kwa 375,000. Kwa hiyo nasisitiza robo ya kila kuponi irudi kazini, hata kwa kununua vipande kidogo kidogo.

Yule anayekuahidi faida ya asilimia 30 kwa mwezi muulize inatoka biashara gani, na ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji au ya Benki Kuu. Mwaka 2009 watu walipanda "mbegu", yaani pesa zao, kwenye upatu wa DECI, wastaafu wakiwemo, na wengi hawakuvuna.

Novemba mwalimu alinipigia. Akanisomea ujumbe wa benki tarakimu moja moja, huku nyuma yake nikisikia vibarua wakiulizana majembe.

"Hiyo robo," akaniuliza, "naipeleka leo au kesho?"